Ulimeza Nini Siku Ile, Mjomba?

Nyumba ya nyuma ya soko,
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, kile kikohozi kimekuacha na gereji haijakuchosha sana. Namba yako haipatikani tangu mwezi uliopita, ndiyo maana nimemwomba jirani yetu, dereva wa lori anayeshusha saruji huko kwenu, akutafute mpaka akupate. Atalala huko kidogo kisha ageuze. Tafadhali usimwache arudi bila jibu. Utaona kwa nini.

Huku hatujambo, tukisema nusu ya ukweli. Mwanangu wa kiume, yule tunayemwita Bonge, ameota meno ya mbele na anauma kila anachokipata, mimi nikiwa wa kwanza. Baba yake mzima, bado anachomelea mageti na kurudi na shati lenye matundu ya cheche, maana anajua analala nyumba moja na fundi cherehani. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo uko imara.

Mgonjwa ni mimi, Mjomba. Sikutaka ulijue hili kwa barua, lakini sina njia nyingine.

Ni ngozi. Tangu nilipojifungua mwili unatokwa na mabaka yaliyovimba, yanatokea mgongoni, yanahamia mapajani, yanapotea, yanarudi, na yanawasha kama nimepakwa upupu. Nikishika mkasi muda mrefu, kiganja kinavimba. Nikivaa sketi ya kubana, kiuno kinavimba. Mteja mmoja aliniuliza kama siwezi kushona na glavu. Nikamwambia glavu naweza kuvaa, lakini nikishaona suruali yake ilivyo chafu. Watu walicheka dukani, na mimi nikacheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Wiki iliyopita ukavimba ulimi. Nilikuwa nampima mtu kifua, nikashindwa kutamka namba. Walinikimbiza hospitali, nikadungwa sindano, ukashuka. Tangu siku hiyo kila nikimeza mate nasikilizia.

Usidhani nimekaa tu. Nimepewa vidonge vya mzio, daktari wa ngozi akaviongeza, akaviongeza tena. Mabaka hayakujali, ila mimi nikawa nasinzia nimekaa. Nimeshona kidole changu pamoja na pindo la gauni. Hilo si kitu. Siku moja nilishtuka nikamkuta Bonge sakafuni, ameteleza kutoka mapajani mwangu, ananitazama. Hakuumia. Lakini mimi ile sura yake haijanitoka. Baadaye nikapewa steroidi. Hizo zilikausha kila kitu, nikalala kama binadamu, kisha uso ukaumuka kama unga uliotiwa hamira na presha ikapanda. Zikakatwa, mabaka yakarudi kwa hasira.

Sasa daktari amekuja na wazo lingine. Ni mwanamke wa makamo, haongei sana, lakini hafichi. Alituambia ipo dawa inayoitwa dapsoni, ya kutibu ukoma, na kwamba baadhi ya madaktari huwapa watu wenye ngozi sugu kama yangu, na wengine hupona au hupata nafuu. Ila haikuandikishwa kwa ugonjwa wangu. Ukisoma karatasi ya ndani ya boksi, ugonjwa wangu haumo. Mume wangu akauliza, "Kwa hiyo tunaazima dawa ya watu?" Daktari akasema ndiyo, tunaiazima, na ndiyo maana tutaizungumza vizuri kabla sijaimeza.

Nyumbani mama mkwe akashika neno ukoma tu, mengine yote yakapita. Kikombe changu kikatengwa rafu ya juu. Mume wangu hakumgombeza mama yake. Alikishusha kile kikombe, nilichokuwa nimekinywea, akamalizia chai yangu mbele yake kwa kelele kama mtoto. Kikombe kimerudi chini na wenzake. Kwa hiyo si maneno ya watu yanayonisimamisha, Mjomba. Kinachonisimamisha ni damu.

Daktari anasema kuna watu wanaozaliwa na upungufu fulani kwenye damu. Wanaishi vizuri tu, hawajui. Lakini wakimeza dawa hii, au baadhi ya vidonge vya malaria, damu inavunjika ndani kwa ndani. Macho yanakuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mtu anaanguka. Mtoto wa kiume huurithi kwa mama, na baba mwenye nao huwapa mabinti zake. Mtoto wa kike anaweza kuubeba bila kujua, ila wa kiume ndiye anayeangushwa nao. Na dawa hupita kwenye maziwa. Bonge ananyonya, chupa hataki hata kuiona.

Nimepimwa. Jibu limekuja la katikati, si ndiyo wala hapana. Kwa mwanamke huweza kuwa hivyo, na pia damu yangu ilikaa kwenye joto njiani kwenda maabara, labda imeharibika. Bonge hajapimwa kwa sababu vitendanishi vimekwisha na hakuna anayejua vitaletwa lini. Ndipo daktari akauliza: "Kwa upande wa mama yako, hakuna mwanaume aliyewahi kuugua vibaya baada ya kumeza dawa?"

Mama alikuwa amekaa pale, amempakata Bonge. Daktari alipotaja macho ya njano na mkojo mweusi, Mama aliacha kumbembeleza mtoto. Njia nzima hakusema, na wewe unamjua dada yako, kunyamaza kwake ni jambo la kuita majirani. Tulipofika akavua viatu, akaniambia, "Mwandikie mjomba wako."

Mjomba, mimi nilikuwa mdogo. Nakukumbuka ukinifundisha kupiga mluzi, na nakukumbuka umelazwa kwenye mkeka, macho ya njano. Nilichoambiwa nilipokua ni kwamba ulikunywa pombe ya kienyeji iliyoharibika na rafiki zako, ikakuua ini, ukapona kwa bahati. Kwamba uliapa hukunywa, ulimeza vidonge vya malaria tu ulivyopewa zahanati, na Babu akasema mlevi hakosi dawa ya kusingizia. Kwamba ulipoweza kusimama alitoa nguo zako nje, na Mama akasimama mlangoni akaangalia. Hayo ya mlangoni kanieleza mwenyewe, juzi, akichambua mchele. Hakuniangalia.

Sasa nakuuliza, na naomba unijibu kama unavyomjibu daktari. Siku zile ulimeza nini? Ulimeza kabla macho hayajawa ya njano au baada? Na pombe, ilikuwepo au haikuwepo?

Nitakueleza na hili, maana sitaki uje kulijua baadaye ukaniona mnafiki. Moyo wangu una upande unaoomba uwe ulikunywa. Ukisema ni pombe, daktari ataanza kunipa dapsoni kidogokidogo huku wakinichunga damu, mimi na mtoto, na huenda nikapona. Ukisema ni vidonge, dapsoni basi. Itabaki dawa nyingine, nayo ya kuazima, ya watu waliopandikizwa figo. Hiyo inapandisha presha ambayo tayari ninayo, inataka figo zichungwe, na daktari angependa nimwachishe Bonge ziwa kwanza. Nimechoka, Mjomba. Nimechoka mpaka nimefika mahali pa kutamani mjomba wangu awe kweli alikuwa mlevi. Ndivyo ngozi hii ilivyonifikisha.

Kwa hiyo usinihurumie. Najua una moyo mwepesi, utasema lile litakalonipa dawa. Usifanye hivyo. Dawa simezi kwa huruma, nikimeza mimi amemeza na mtoto. Na usijibu kwa hasira ya miaka ile kusudi umkomoe Babu, yeye hayupo tena na anayelipia atakuwa Bonge. Niambie lilivyokuwa, basi. Nimeshamwambia daktari kwamba bila neno lako sifungui hata boksi, akasema hata yeye asingeniruhusu. Ulimi ukivimba tena nina sindano na nina mume mwenye mbio.

Jambo jingine ni lako wewe. Hata kabla hujanijibu, usimeze dawa yoyote ya malaria wala ya maambukizi kabla hujamweleza mganga wa zahanati ya hapo historia yako yote. Mwambie akupime. Na wale mabinti zako wawili, wanaweza kuwa wameubeba, wajue kabla hawajazaa. Hili siombi, nakuagiza, ingawa wewe ni mkubwa wangu.

Msalimie sana mkeo na wanao. Mume wangu anakusalimu, anasema akikuona atakutengenezea geti bila wewe kuuliza bei. Mama mkwe naye anakusalimu, kikombe tumekisahau. Bonge hana salamu, ana meno.

Salamu za Mama sina. Nilimuuliza niandike nini kwa niaba yake, akachukua kalamu, akakaa nayo, akanirudishia. Anasema hana uso wa kukusalimia kwa karatasi kabla hajajua alikukosea kiasi gani. Nilipoinuka kuchukua bahasha nikasikia anamuuliza dereva kama kwenye lori kuna nafasi ya mtu mzima mwenye magoti mabaya.

Mungu akupe afya, na akupe nguvu ya kulikumbuka lile ambalo najua ulitaka kulisahau.

Mpwa wako akupendaye kwa jibu lolote utakalolileta,

Mama Bonge