Skripti ya Kumwachia Ezekia

Alhamisi, 12 Juni. Asubuhi baridi na ukungu. Saa mbili malori kwenye foleni ya mpaka yalikuwa bado yamewasha taa.

Skripti yangu, yaani programu fupi niliyoiandika mwenyewe, haijamfaa Ezekia, mwenzangu wa ofisini, na Jumatatu naenda Iyula kumsaidia mama kuchuma kahawa. Wiki mbili kompyuta yenye nyaraka za malori itakuwa mikononi mwake peke yake. Niliandika skripti hiyo ili asome miongozo ya amri za kompyuta ndani ya mashine yenyewe, maana mtandao hapa unakatika kila siku.

Leo nilimwambia atafute namna ya kunakili faili. Akaandika "nakili". Skrini ikabaki tupu.

"Dada Tumaini, hii skripti yako inadharau watu."

"Andika cp, ndiyo amri ya kunakili," nikamwambia.

"Ningekuwa naijua hiyo cp, ningetafuta nini sasa?"

Kweli, niliitengeneza kwa mtu anayejua tayari jina la amri, yaani mimi.

Mchana kutwa nimeandika mstari wa Kiswahili kwa kila amri tunayotumia, kisha nikaifanya skripti itafute humo kwanza. Jioni akaandika tena "nakili", akausoma mwongozo, akahamishia nakala za leo kwenye flashi bila kuniuliza.

"Haya, nenda kachume kahawa," akasema.

Amri moja tu sikuiandikia mstari, ya kufuta. Nina wasiwasi asije akafuta nyaraka za malori kwa bahati mbaya. Akiihitaji, anipigie simu.

Nalala saa tano na robo.