Pauni ya Papa

Bukavu, mardi

Nilimwambia Désiré aipime tu. Kupima, basi! Yeye ni ndugu ya bibi niliyemuoa, anauzisha dhahabu kule Kamituga, nikadhani nimepata mutu anayejua.

Papa, baba yangu, aliitoa Uganda, ile pauni ya dhahabu ya Waingereza, akaifunga ndani ya leso mpaka kifo chake. Mimi nakusanya feza za zamani: niko na shilingi nyingi za wakoloni, niko hata na kitabu cha cheki cha benki yao, lakini kichwa cha mufalme kisichochakaa kilikuwa kwa ile pauni peke yake.

Leo Désiré amerudi na matope mpaka magotini, anacheka. Akafungua karatasi. Ndani, kidonge cha dhahabu kama punje ya muhindi.

"Shemeki, nimekuyeyushia. Ile sura ingefanya wanunuzi waseme ni ya bandia. Sasa iko safi. Pima mwenyewe, uzito ni ule ule!"

Bibi yangu akamupikia bugali na samaki. Kisha akashika kile kidonge, akauliza kama kinatosha heleni mbili.

Na mimi, mupumbavu, nilikuwa nimeshamuambia Désiré asante.