Dhoruba Ambayo Haikuvuma

Flemingdon Park, Toronto
Mwisho wa Oktoba

Kwa kaka yangu mpendwa Cheruiyot,

Pokea salamu zangu hapo Kapsabet, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini mmeanza kupumzika baada ya pilikapilika za mazishi, na kwamba miguu ya Mama imepungua uvimbe ule wa safari ya ndege. Sisi huku miili ni mizima. Shemeji yako Kiprotich bado yuko barabarani na lori lake. Juzi alipiga simu kutoka Winnipeg akauliza habari zenu kabla hajaniuliza mimi nimekula nini. Jerop sasa anasimama akishika kiti. Kila asubuhi anatambaa hadi mlango wa chumba alicholala Mama, anaupigapiga kwa kiganja, kisha ananitazama.

Ulisema mvua iliwasumbua siku ya kumzika nyanya yetu, Kogo. Huku ni vuli, na bonde lote la mto Don chini ya jengo letu limekuwa jekundu na manjano. Jirani yetu Mzee Sadrudin, yule niliyekuambia alizaliwa Eldoret dukani kwa baba yake, anasema hajaona vuli tulivu kama hii kwa miaka. Alikuja kutupa pole na sufuria ya pilau. Alipotaja utulivu wa hewa nilitazama chini.

Kaka, wewe umenifariji sana. Ulisema, “Jemimah, nani apigane na hali ya hewa? Usijilaumu.” Maneno hayo yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nimeyaandika haya kwenye karatasi, nimpe ndugu wa kanisani anayekuja huko nyumbani, kwa sababu kwa simu ungeanza tena kunifariji, nami ningenyamaza.

Unakumbuka uliponipigia ukasema Kogo ameacha kula, na anamwita Mama kwa jina lake la utotoni. Uliniomba nisimwambie Mama, presha isije ikampanda akiwa peke yake safarini. Nihakikishe tu kwamba anapanda ndege Alhamisi, kama tikiti ilivyosema. Nikakuahidi.

Siku hiyohiyo niliarifiwa kwamba nafasi ya Jerop kwenye kituo cha kulea watoto imesogezwa hadi wiki iliyofuata. Kazi yangu katika nyumba ya wazee ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, niko kwenye majaribio, na Kiprotich hayupo. Ningeweza kuwauliza akina mama wa kanisa. Ningeweza kumwomba msimamizi wangu. Sikumwuliza mtu. Nilijiambia Kogo ameugua mara ngapi na kuinuka, na kwamba wiki moja haitamdhuru.

Jioni tulikuwa tukitazama habari. Mtangazaji alieleza kwamba hewa baridi iliyopita juu yetu ilikuwa dhaifu, imeacha manyunyu tu; kwamba kusini mwa Ontario kote kutakuwa na jua, asubuhi ubaridi kidogo, mchana wa sweta nyepesi, hadi baada ya Jumapili. Mama, kama ujuavyo, Kiingereza cha haraka humpita. Akaonyesha ule mstari wa buluu kwenye ramani, akaniuliza wanasema nini.

Nikamwambia wanasema dhoruba inakuja, na theluji ya mapema, na ndege zinaahirishwa. Kisha nikajifungia bafuni, nikabadilisha tarehe yake ya safari, na wewe nikakutumia ujumbe wa habari hiyohiyo.

Kaka, dhoruba haikuwepo. Hata tone.

Mama aliniamini. Usiku ule, kabla ya kulala, aliwaombea wote watakaokuwa safarini katika hali mbaya. Mimi niliitikia amina. Kesho yake nikaenda kazini kumlisha uji nyanya ya watu wengine, kijiko kwa kijiko, huku wetu akimwita Mama.

Jua liliwaka. Mama alianika nguo za Jerop kwenye roshani akaniuliza dhoruba iko wapi. Nikasema imepitia upande wa uwanja wa ndege. Halafu siku moja akakutana na Mzee Sadrudin kwenye lifti, akamsimulia. Mzee akashangaa: “Dhoruba gani, mama? Hii ndiyo hewa ya kusafiria!”

Nilipotoka kazini nilimkuta Mama amempakata Jerop. Akaniuliza kwa upole, “Jemimah, ulinisomea nini kwenye ile televisheni?” Nikamweleza habari za kituo na za kazi. Nilitarajia hasira. Akacheka, Cheruiyot. Akasema, “Ungeniambia tu, mwanangu. Ningebaki.” Hapo ndipo ningemwambia kuhusu Kogo. Mdomo ulifunguka. Nikamwuliza kama anataka chai.

Ulipotupigia alfajiri kwamba Kogo ameondoka, Mama alilia kama mtu aliyeshtukizwa, kwa sababu alishtukizwa kweli. Ulipompokea Eldoret ukamwambia kwamba ulinijulisha mapema. Jioni hiyo alinipigia. Aliuliza neno moja tu: “Ulijua?” Nikasema ndiyo. Akakata simu, na tangu hapo hapokei simu zangu.

Kisha ukanitumia ile video ya mazishi. Nilimsikia shangazi akiuliza mbele ya watu kwa nini binti wa marehemu hakumwahi mama yake. Nikamwona Mama akisimama kando ya jeneza, akishika kitambaa chake, akisema dhoruba ya Kanada ilizuia ndege. Mama yetu, aliyetuchapa utotoni kwa uongo wa sukari tuliyoilamba. Alinifunikia aibu mbele ya mama yake aliyelala pale.

Siombi unisamehe upesi. Naomba umsomee Mama barua hii, kisha uwasomee shangazi na wote waliosikia jibu lile. Asibebe uongo wangu hadi uzeeni. Wakiuliza nani alimzuia, watajie jina langu. Na kama hutaki kunipigia baada ya hapo, nitaelewa.

Wasalimie watoto, na mwambie wifi namshukuru kwa kumwosha Kogo kwa mikono yake. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako, niliyewakosea,
Jemimah