Muziki Uliotuachia Ulipokwenda Kongo

Mwanangu Deo,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya duka letu hapa Runazi. Siku hizi kukaa siwezi.

Ulipokuja likizo kabla jeshi halijakupeleka Kongo, ulikaa nami jikoni tukachambua maharage. Ingawa ulikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi, nilidhani utaniwekea kwaya. Ukawasha simu, zikatoka ala nyingi kwa pamoja, wala hakuna anayeimba.

"Mama, muziki huu ulitungwa na Mmarekani wakati nchi yao iko vitani."

"Mbona sisikii bunduki?"

"Bunduki hazimo. Subiri."

Matarumbeta yalivuma, nikacheka. Kisha yakanyamaza, zikabaki fidla zinavuta polepole, kama watu wanaonong'ona msibani. Mikono yangu ilisimama. Nikakwambia zima, hukuzima.

"Hapo ndipo ninapopapenda," ulisema huku unaangalia chini. Sikukuuliza kwa nini.

Uliniwekea muziki huo kwenye simu yangu, ukaondoka. Ulipoacha kupiga simu, nikawa nauwasha dukani kila wateja wanapopungua. Baba yako akachoka nao.

"Zima hicho kitu, kinatutia wasiwasi."

"Wasiwasi tulikuwa nao tangu zamani," nilimjibu.

Asubuhi moja sikuiona simu. Nikaenda shambani, nikamkuta baba yako anapalilia mahindi, simu imo mfukoni mwa shati, fidla zinalia. Hakugeuka. Nikachukua jembe nikaingia mstari wa pili. Muziki ulipoisha, aliuanzisha tena mwenyewe. Tukapalilia mpaka jua likawa kali.

Alhamisi ukapiga. "Shikamoo mama. Niko mzima." Kabla sijaitikia, mtandao ukakatika. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini, halafu akatoka kuwaambia majirani. Mimi nilipiga tena na tena, hupatikani.

Namshukuru Mungu, sitaki uone sina shukrani. Lakini tangu siku hiyo natoka dukani mpaka barabarani, narudi, natoka tena. Mteja akiomba chumvi nampa sukari. Umesema u mzima, mwanangu. Hukusema unarudi.

Mungu akufunike huko uliko. Na marahaba, baba. Siku ile sikuwahi kukuitikia.

Ni mimi mama yako