Fundi, Ile Transfoma Haikuwa Imekufa

Fundi,

Ulikosea! Acha niseme tena, kwa sababu ukiwa hai sikupata hata siku moja ya kukwambia hivi. Ulikosea, na mimi Mwende, mwanafunzi wako wa miaka sita, ndiye niliyekukamata. Tangu juzi nacheka peke yangu hapa kibandani. Mama anayeuza viazi hapo mbele anadhani kifo chako kimeniharibu kichwa.

Unakumbuka lile boksi la kijivu kutoka zahanati ya Kanyangi? Pawa saplai ya redio yao ya mawasiliano, ile inayochukua stima ya ukutani na kuishusha hadi volti kumi na tatu na nukta zake. Uliipokea mwenyewe wiki chache kabla ya kulazwa. Ukaifungua, ukaifunga, ukabandika utepe juu yake kama ulivyobandika kila kitu, ukaandika kwa herufi zako kubwa: TRANSFOMA IMEKUFA. Kisha ukaisukuma chini ya meza. Na hapa sokoni Tulia, utepe wako ukishasema, nani atabisha?

Nikwambie yaliyotokea tangu tukuzike kule kwenu Nunguni kwenye baridi. Wateja walipotea. Mtu anachungulia, ananiona, anauliza fundi mwenyewe yuko wapi, halafu anasema atarudi. Harudi. Mke wako alivumilia, mwaitu, mama wa watu. Mwezi uliopita akaja, akakaa kwenye kiti chako, akaniambia polepole, "Mwende, mimi hizi waya sizielewi. Watu walikuwa wanamfuata yeye." Mwisho wa mwezi huu kibanda kingechukuliwa na mtu wa kuuza chakula cha kuku. Nilimjibu sawa mwaitu. Alipoondoka nililia nikiwa nimeshika koleo yako.

Basi Jumanne akaja Sista Kavata, muuguzi wa Kanyangi. Hakuja kutengenezewa, alikuja kuchukua boksi akalitupe. Kwao simu inashika ukipanda kilima, na mama mjamzito akizidiwa, redio ndiyo inayoita gari la hospitali. Miezi yote hii wamekuwa wakituma mtu akimbie kilimani. "Kama imekufa nipee tu niende nayo," akasema. Mdomo ukanitangulia, nikamwomba aniachie hadi Ijumaa.

Alipogeuka tu nikashikwa na woga. Ningebishanaje na mwandiko wako? Siku nzima nililizunguka lile boksi. Nikapiga simu kutafuta transfoma nyingine, na transfoma ya uzito ule Kitui yote haipo. Jumatano asubuhi nikasema wacha angalau nipime, nijue imekufa kiasi gani. Fundi, mita ikasoma volti zote! Nikadhani mita ndiyo mbovu, nikabadilisha betri yake, nikapima tena. Nzima kabisa! Nilisimama pale nikihisi nimekukosea adabu, na huku moyo unaruka.

Nikaunganisha redio ndogo, kisha ile balbu ya taa ya lori uliyokuwa ukipimia. "Ipe mzigo kwanza," ulikuwa ukisema, "hata wewe Mwende ukiwa umekaa hapo unakaa mzima." Bila balbu, volti zilikaa sawa. Nilipoiwasha, zikaporomoka hadi tisa, na transfoma ikaanza kupata moto. Huo moto ndio uliokudanganya! Redio ikaanza kuvuma. Nikafunga macho nisikilize, maana ulinifundisha mivumo kwa kwaya. "Kapasita ikichoka utasikia tenor. Dayodi moja ikienda, mlio unashuka, unaimba bass kama mimi." Fundi, ilikuwa bass! Bass yako ya benchi la nyuma kanisani!

Dayodi ziko nne, nikazipima moja baada ya nyingine. Zote nzima. Hapo nikaona aibu, nikasema kumbe mzee alijua. Lakini mlio ule haukuniacha. Nikaubeba ubao wenye dayodi nje juani, nikauinamia hadi pua ikakaribia kuugusa, na nikaona ufa. Mwembamba kama unywele, umeuzunguka mguu wa dayodi ya tatu pale kwenye solda. Nilipoubonyeza mguu huo kwa ncha ya mita uligusana ukaonekana mzima, nilipoachia ukaachana. Tone moja la solda. Tone moja! Volti zikasimama kumi na tatu na nukta zake, balbu ikiwaka. Nilipiga kelele hadi mama wa viazi akaja mbio na kisu mkononi.

Halafu nikakaa chini. Maana ufa kama ule, Fundi, wewe ulikuwa ukiuona hata ukiwa unapiga hadithi. Siku uliyolifungua boksi nilikuwa nyumbani kuvuna ndengu, ulikuwa peke yako. Ndipo nikakumbuka mwaka wako wa mwisho. "Mwende, hebu soma rangi za vimistari vya hii resista, nione kama umejifunza." Kila siku. Nilikasirika, unajua? Nikanung'unika kwamba miaka sita yote na bado unanipa mtihani wa wiki ya kwanza. Kumbe ulikuwa huoni. Ulikuwa unafanya kazi na macho yangu na ukaona haya kuniambia. Mbona hukuniambia? Ningekusomea zote. Ningekusomea bila kunung'unika, wallahi ningekusomea.

Ijumaa Sista akaja na redio yenyewe. Tukaunganisha, akabonyeza maikrofoni, akaita hospitali. Halafu sauti safi, bila mvumo: "Kanyangi? Ni nyinyi? Mlipotelea wapi?" Sista aliruka akanikumbatia, karibu tuangushe meza. Mwaitu alikuwa amesimama mlangoni, alikuwa ameleta ufunguo wa kumpa yule mtu wa kuku. Alijifuta macho kwa leso, akampigia simu pale pale, akamwambia atafute mahali pengine, kibanda kina fundi. Alisema fundi, Fundi. Akimaanisha mimi.

Sasa nakuacha, kuna mzee wa kanisa amesimama hapa na amplifaya inayotoa moshi, na ameniita kwa jina langu. Pumzika. Nakuahidi kila boksi nitalipima mwenyewe kabla sijaamini neno la mtu, hata liwe lako. Na siku macho yangu nayo yatakapoanza kuchoka, nitamgeukia aliye karibu nami nimwambie: sioni, nisomee.

Mwanafunzi wako,
Mwende