Kibomba cha Moyo Hakifunguliwi

Baba Ramadhani, mume wangu mbishi, nakusalimu toka Ujiji, kwenye upepo wa ziwa na samaki wa migebuka waliopikwa kwa mawese.

Nimemweleza daktari hoja yako: wewe fundi wa kuunga mifupa, mtu akipona unamfungua vijiti, basi naye akutoe kile kibomba cha waya kwenye mshipa wa moyo.

Alicheka mpaka akavua miwani. “Bibi, mwambie fundi mwenzangu, vijiti vyake viko nje. Hiki nyama imeshakifunika, hakitolewi. Na dawa asiache hata siku moja.”

Wifi kanipigia, umeziacha tangu Ijumaa. Meza leo, kichwa kigumu! Kitanda nilichopewa huku ni kipana, kizuri, nami sitaki kukizoea peke yangu.

Mkeo, Mama Ramadhani