Wa Nne Kutoka Kushoto

Mchukwi, 3 Mei 1943

Mwanangu Hasham,

Pokea salamu za mamako. Huku sote wazima, ila hili goti langu lenye jeuri. Wewe je? Unakula? Sadala, mchuuzi wa samaki wa ng'onda, kaniambia umekonda mpaka suruali unaifunga kwa kamba. Ndiyo raha ya kuacha duka la ami yako ukachore picha!

Mamako Dhanbai alipofariki, hata mwezi haujatimia tangu mshuke melini kutoka Kachi, Bara Hindi, nilikunyonyesha pamoja na mwanangu. Kwa hiyo nakuomba jambo bila haya. Nduguyo yuko huko kambini kwako, anakata boriti na wenzake waliokimbia kupelekwa kwa nguvu kwenye mashamba ya mkonge, na wanamwita Khamisi. Wewe unamjua kwa jina lake la kweli. Kwangu mimi ni Baba, kwa kuwa nilimpa jina la marehemu babangu. Mwaka sasa sijamwona. Juzi nilijaribu kuukumbuka uso wake, ukanijia wa marehemu. Niliogopa sana. Nichoree uso wake, mwanangu, umpe Sadala aniletee.

Mimi mamako,
Mwanamina


Kambini, Salale, 20 Mei 1943

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na hiyo kamba ya suruali Sadala kaongeza chumvi.

Picha ya ndugu yangu peke yake siwezi kumpa Sadala, kwani anapekuliwa kila kivuko; barua huikunja akaificha ndani ya samaki, picha haikunjiki. Lakini sikiliza. Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, ameniagiza nichore watu wa Rufiji wanavyosaidia vita, picha iwekwe kwenye maonyesho Kibiti. Alitaka wawe wanacheka. Mimi nimewachora wakata boriti sita, matope kiunoni, mabega yamechubuka, na hakuna anayecheka. Nimekunjua madebe manne nikayaunga yawe ubao wangu, na rangi nyekundu nimeichemsha kutoka maganda ya mkoko. Nataka wenye amri wasimame mbele ya watu hawa waone aibu.

Ndugu yangu Mshamu ni wa nne kutoka kushoto. Alikataa katakata, mpaka nilipomwambia kwamba wewe ndiye unayetaka kumwona. Hapo akakaa, nikamchora. Nenda ukamtazame, mama, kisha uondoke. Chonde, jina lake usilitaje.

Mwanao,
Hasham


Salale, 2 Julai 1943

Mama,

Shikamoo. Nakuuliza hali, ingawa yangu mbaya. Tangu maonyesho yafunguliwe sijapata neno lako.

Jumamosi walikuja askari wanne. Hawakumuuliza Khamisi. Walisema, "Yuko wapi Mshamu?" Walimfunga mikono mbele yangu, na alipopita aliniangalia tu, hakunitukana. Heri angenitukana. Kesho yake alipelekwa kwenye mkonge. Wale watano wengine wanalala mikokoni, maji yakijaa wanapanda juu ya mizizi.

Nilijivuna, mama. Nilisema nitachora kweli tupu, kila mtu na sura yake. Nilitaka wakubwa waone aibu, kumbe nawachorea askari watu wa kukamata. Lakini uso hauna jina. Nani kawapa jina? Nawaza usiku na mchana, sipati.

Mwanao,
Hasham


Mchukwi, 15 Julai 1943

Mwanangu Hasham,

Salamu. Hali yangu usiulize.

Ni mimi.

Nilifika Kibiti asubuhi, nimevaa nguo yangu ya Idi. Nikawahesabu kutoka kushoto. Ulivyomchora, mwanangu! Hata lile jicho linalolegea akishikwa na njaa. Jina sikulitaja, wallahi. Nilisema tu, "Baba yangu, umekonda," machozi yakanitoka.

Askari wa mlangoni alikuwa Mmatumbi mwenzetu, wa kule kule milimani. Akanijia kwa adabu, akaniamkia, akauliza, "Mama, babako jina lake nani?" Mjinga mimi nikadhani anatafuta ukoo, labda sisi ni ndugu. Nikamjibu, "Mshamu bin Mfaume, Mungu amrehemu." Akanishukuru.

Mzungu asingeng'amua. Yeye alijua mwanamke wa kwetu mwenye mvi akimwita kijana Baba, maana yake nini. Nilikuwa namwombea marehemu rehema, kumbe namuuza aliye hai.

Basi usijilaumu peke yako. Lakini wale watano nao wana mama zao, na mama zao nao watakwenda Kibiti, na wao wana midomo. Kafute nyuso, Hasham. Zote, na wake pia. Naandika hivi moyo unaniuma.

Mamako,
Mwanamina


Mchukwi, 9 Novemba 1943

Mwanangu Hasham,

Salamu zikufikie humo gerezani, na kama wanaisoma barua hii kwanza, nao nawasalimu. Afya yako je? Wanakupa chakula cha kushibisha?

Nimesikia kwamba uliwafuta watano kwa masizi ndipo wakakukamata, ukabaki uso mmoja, wa Baba. Sijui kama muda ulikwisha au mkono ulikataa, na sitakuuliza. Wale watano mpaka leo hawajapatikana.

Baba hatunaye. Aliyerudi kutoka kwenye mkonge anasema ni homa, siku nne tu, na sanda ilikuwa gunia. Hitima tumesoma. Wewe tulikutaja kama nduguye.

Picha ilipoharibika boma hawakuitaka tena. Yale madebe wameyapigilia kwenye paa la jiko la askari, upande wa rangi umetazama ndani. Mpishi wao huhitaji kuni. Basi nampelekea mimi, Jumatatu na Ijumaa. Yule askari wa mlangoni huniamkia kila nikipita, nami huitikia marahaba, maana nataka kuingia. Natua mzigo, nainua kichwa. Mpishi huuliza, "Bibi, unatazama nini huko juu?" Namwambia naangalia kama paa linavuja.

Moshi unamla, mwanangu. Kidevu kimekwenda, mdomo nao wiki iliyopita. Umefungwa miezi mingapi hawataki kuniambia. Siku ukitoka usianzie kwa ami yako, njoo kwangu kwanza, uje na brashi yako. Macho bado yapo.

Mamako,
Mwanamina